Vitu Vilivyoondoka Bila Kuaga

1

Kalunde Msabila alipofika kwa mama yake asubuhi ile, alikuta chakula cha jana kimefunikwa kwa sahani iliyopinduliwa, na mama yake ameketi mezani akiitazama ile sahani kana kwamba ni mtu aliyeingia bila kupiga hodi.

Alimwamkia. Bi Nyanzala aliitikia, akamsogezea kiti, akauliza habari za kazi na za wajukuu, kisha akanyamaza. Hakuwa mtu wa kunyamaza. Maisha yake yote alikuwa fundi cherehani, na wanawake wengi wa Tabora waliolewa wakiwa ndani ya magauni aliyoyakata yeye, huku akiwapigia soga na pini zimebanwa mdomoni. Kimya chake kilimfanya Kalunde aweke mkoba chini na kusubiri.

"Hivi, mwanangu," alisema mwishowe, "humu ndani tulikuwa na kawa?"

Kawa hiyo Kalunde aliijua vizuri. Ilikuwa ya ukindu, yenye ncha juu kama kofia, na ukingo wake ulizungushiwa kitambaa chekundu ambacho Bi Nyanzala alikibadilisha kila kilipochakaa. Bibi mzaa mama alikuja nayo kutoka Ujiji alipoolewa. Chini yake ndipo kilipokaa chakula cha yeyote aliyechelewa kurudi, na Kalunde, tangu akiwa msichana wa shule hadi alipoajiriwa, alikuwa akichelewa kurudi karibu kila siku. Aliijua harufu yake ilipopata mvuke wa wali. Alijua pia kwamba haipo tena, na alijua imekwenda wapi.

"Kawa gani, mama?"

Sauti ilimtoka laini, ya kawaida kabisa, na ule ulaini ndio uliomchoma kabla hata hajafunga mdomo.

Bi Nyanzala alinyanyua mikono akaichora hewani: ncha, mteremko, ukingo. Akaeleza kitambaa chekundu. Kadiri alivyokuwa akieleza ndivyo mikono ilivyozidi kushuka, mpaka ikalala mapajani. Alisema amemuuliza na Mtunzaji. Siku hizo kila nyumba ya ghorofa mjini ilikuwa na sauti kutani, na watu waliiita Mtunzaji, kwa kuwa ndiyo iliyowasha taa, ikapima maji, ikakumbusha dawa. Alimuuliza jana, akamuuliza tena leo, na kila mara alijibiwa kwa upole ule ule.

"Kumbukumbu zangu hazionyeshi kitu hicho," alisema Bi Nyanzala, akiiga ile sauti. "Ndivyo anavyoniambia. Basi labda niliiona kwa watu."

Kisha akacheka, akasema uzee umemjia mlango wa nyuma. Kalunde naye akacheka. Alikunywa chai, akasifia maandazi, akaaga. Lile jibu la Mtunzaji alilitunga yeye mwenyewe ofisini, mchana mmoja wa kawaida, akipima neno baada ya neno ili lisimuumize mtu. Ndani ya lifti mlikuwa na kioo. Alikipa mgongo mpaka chini.

2

Mambo hayo hayakuanzia kwenye ubaya. Yalianzia kwenye kiu.

Mabwawa yalipokauka na watu kurundikana mjini katika majengo marefu, maji hayakuweza kupanda juu ya ghorofa ya tatu. Yalihitajika mabomba mapya na vichujio vipya, na hapakuwa na cha kuvitengenezea. Ndipo lilipojengwa Tanuri, mtambo uliosaga kila kitu, chuma kwa mbao, plastiki kwa ukindu, ukatoa unga wa kijivu ambao wahandisi waliweza kuufinyanga upya kuwa chochote. Tanuri halikuchagua. Lilitaka kulishwa tu. Na kitu pekee kilichokuwa kimejaa mjini kilikuwa vitu vya watu majumbani.

Mwanzoni vilichukuliwa kwa nguvu. Wazee waliuita wakati huo Mwaka wa Masanduku. Askari wa jiji walipita mlango kwa mlango, na Kalunde, mhandisi kijana wakati huo, alipangiwa kufuatana nao ili kupima uzito. Kwenye ngazi za jengo moja alimwona mwanamke amekumbatia cherehani yake ya mguu, hataki kuiachia. Wakavutana. Mwanamke akateleza, akaporomoka na cherehani juu yake, na mkono ukavunjika. Kalunde alikaa naye hadi machela ilipofika, na muda wote huo yule mama hakulia kwa ajili ya mkono. Aliuliza tu kama gurudumu la cherehani limepinda.

Kalunde aliapa kwamba lazima iwepo njia isiyomliza mtu, na akaitafuta mpaka akaipata.

Mtunzaji alikuwa tayari na vipokezi vidogo kutani, vya kujua mtu ameanguka au moto umewaka. Kalunde aliviongezea kazi moja: kufuata macho ya mwenye nyumba. Kitu kilichotazamwa au kuguswa kilihesabiwa kuwa hai. Kisichotazamwa kilipungukiwa uhai polepole, na uhai wake uliposhuka chini ya kiwango, wabebaji walikuja kukichukua. Hao walikuwa vyombo vidogo, vyenye umbo la kobe, vilivyoishi kwenye njia za hewa nyuma ya kuta na kutoka wakati mwenye nyumba hayupo au amelala. Kabla kitu hakijasagwa, umbo lake lilinakiliwa lote, uzito, rangi, hadi uzi uliochomoka. Nakala hiyo wahandisi waliiita kivuli. Vivuli vilihifadhiwa katika idara ya jiji aliyofanyia kazi Kalunde, kwa ajili ya hesabu za mali ghafi, na hapakuwa na mwananchi aliyeambiwa kwamba vipo.

Kilichomshangaza Kalunde mwenyewe ni kwamba watu hawakuuliza. Pasi za mkaa ziliondoka, na hakuna aliyeuliza. Vinu viliondoka, maana unga ulikuja umesagwa. Viliondoka vitambaa vya kufuma vilivyofunika makochi na redio, zikaondoka chupa za chai zenye maua ya waridi, mabeseni yenye picha ya jogoo, taa za chemli. Kwenye makabati yalitoweka magauni ya solo, suruali za bugaluu na viatu vya raizoni vyenye soli nene ambavyo vijana walivirithi kwa babu zao na kuvivaa harusini kwa utani. Mtu aliingia harusini siku moja akakuta hakuna aliyevaa hivyo, na asiweze kusema ni lini ilikoma. Maji yalipanda mpaka ghorofa ya mwisho. Watoto waliacha kuharisha. Hakuna aliyevunjika mkono.

Wachache waliouliza ndio waliotungiwa lile jibu. Kalunde aliona ni huruma: mtu akiambiwa kitu kimechukuliwa, ataumia, akiambiwa hakikuwepo, atatikisa kichwa na kuendelea na siku yake.

Mji ukazidi kukua, na kiwango kikapandishwa, tena na tena. Sasa kitu hakikuhitaji kusahauliwa kwa miaka. Msimu mmoja ulitosha. Nyumba za jamaa wa watumishi wa idara zilikuwa na msamaha, na ni Kalunde aliyesimama mkutanoni kupendekeza uondolewe. Alisema nyumba ya mama yake ni nyumba kama nyumba nyingine. Mkurugenzi wa idara, Salamba, alimsifu mbele ya wote, watu wakapiga makofi, na alirudi nyumbani siku hiyo kifua mbele.

Masika yaliyofuata Bi Nyanzala aliugua kifua. Alilala kitandani, akala chakula kilicholetwa na binti yake kwenye vyombo vya binti yake, na jikoni hakuingia. Mtunzaji alihesabu kwamba jiko lile limesahauliwa.

3

Simu ilitoka kwa Edina, mpimaji wa afya ya wazee katika kituo cha mtaa. Alimwita Kalunde aje, na alipofika alimwingiza ndani akafunga mlango.

Alimweleza kwamba Bi Nyanzala amekuwa akija kituoni peke yake, mara nyingi, na ameomba binti yake asiambiwe. Alikuja akiwa amevaa vizuri, amejifunga kilemba, amejiandaa kama mtu anayekwenda kwenye usaili. Alitaka apimwe akili. Kipimo chenyewe kilikuwa rahisi: mtu aliulizwa kuhusu nyumba yake, na majibu yake yakalinganishwa na kumbukumbu za Mtunzaji. Bi Nyanzala alitaja kawa. Alitaja mkasi wa kukatia kingo za nguo, sanduku la vifungo, kibao cha kupigia chapati, jozi ya raizoni za marehemu mumewe. Kila alichotaja, Mtunzaji alikikana. Kila alipokanwa, alisema afadhali ataje kingine ambacho ana hakika nacho zaidi.

"Mwishoni alianza kuniomba radhi," alisema Edina. "Eti ananipotezea muda."

Kisha alimuuliza Kalunde swali ambalo mpimaji yeyote mwenye akili angeuliza. Yeye amekulia mle ndani. Je, vitu hivi vilikuwepo?

Kalunde aliyatazama, kwenye karatasi mikononi mwa Edina, majina ya vitu vya nyumbani kwao. Alijua kwamba kumbukumbu za uongo, kama zilivyoitwa, zilimpeleka mtu Nyumba ya Utulivu nje ya mji, kwa sababu sheria haikumruhusu kuishi peke yake karibu na moto wa jiko. Huko ndiko alikopelekwa Mzee Mihayo, jirani wa mama yake, fundi wa reli mstaafu, aliyekuwa akimgongea kila mtu mlango kuulizia taa yake ya chemli. Watu walimwonea huruma. Kalunde naye alimwonea huruma, siku ile walipombebea begi lake chini, na alimshikia mlango wa gari.

"Sikumbuki vizuri," alimjibu Edina. "Nipe siku chache."

Hapo ikawa amemkana mama yake mara ya pili, na safari hii mbele ya mtu.

Alikwenda moja kwa moja kwa Mkurugenzi Salamba. Salamba hakuwa mtu katili. Alikuwa na mama pia, na alisikiliza hadi mwisho akiwa ameinamisha kichwa. Kalunde aliomba Mtunzaji aruhusiwe kusema kweli, angalau kwa anayeuliza. Salamba alimweleza, taratibu, kile ambacho alikijua tayari: nyumba moja ikikiri imechukua, kesho nyumba zote zitaulizwa. Watu watang'oa vipokezi kutani. Tanuri litakaa bila chakula katikati ya kiangazi, na ghorofa za juu zitakauka. Alimuuliza kama yuko tayari kuwatazama watoto wa huko juu.



"Lakini mama yako ni jambo dogo," alisema Salamba. "Tutasema kipimo kilikuwa na hitilafu. Hakuna atakayemgusa."

Kalunde alijua vizuri kile alichokuwa akipewa. Alipewa mama yake peke yake, na wengine wote wabaki walivyo. Alishukuru. Aliinuka, akampa mkono Mkurugenzi wake, akashukuru tena mlangoni, na alipofika kwenye meza yake aliona kiganja kimeloa jasho, akakifuta kwenye gauni.

4

Bi Nyanzala aliarifiwa kwamba kipimo kilikosewa na kwamba akili yake ni nzima. Kalunde alikwenda siku hiyo akitarajia kumkuta amechangamka.

Alimkuta ametulia. Amepika, ameosha vyombo, amekaa. Kalunde alipomuuliza kama chakula kina chumvi, alisema labda. Alipomuuliza kama fulani aliyepita kumsalimia ndiye yule rafiki yake wa zamani wa sokoni, alisema huenda. Hakukubali wala hakukataa jambo lolote. Mwanamke aliyekuwa akimwangalia mtu mara moja na kumkatia gauni bila futi, sasa alikuwa akishika ukingo wa meza kabla ya kukaa, kuhakikisha kwamba meza ipo.

Kalunde alitambua mama yake anafanya nini. Alikuwa ameacha kuamini macho yake. Aliposema labda, alikuwa anajihami, asije akakanwa tena. Na yule aliyemfanya hivyo alikuwa ameketi mbele yake, akila mchicha wake.

Aliweka kijiko chini.

"Mama, kawa ilikuwepo."

Kalunde aliendelea, na mara alipoanza hakuweza kutafuta maneno mazuri, akasema yote kama yalivyokuwa: Tanuri, wabebaji, macho kutani, lile jibu la upole na aliyelitunga, msamaha na aliyeuondoa. Alisema kwamba asubuhi ile alipoulizwa, alikuwa anajua. Alisema kuhusu Edina, na kuhusu Salamba, na kwamba ile hitilafu ya kipimo nayo ni uongo. Uso ulimwaka moto, lakini hakuuficha. Kisha akaweka mezani kibamba chake cha kazi, kioo chembamba cha kufungulia kumbukumbu za idara, akakigusa, na juu ya sahani za mchicha kikasimama kivuli cha kawa, kwa ukubwa wake halisi, na kitambaa chekundu na mshono wa mwisho ambao Bi Nyanzala aliushona kabla hajaugua.

Mama alinyoosha kidole. Kilipita hewani.

"Mimi nilikuwa mzima," alisema.

"Ulikuwa mzima."

"Siku zote hizi."

"Siku zote, mama."

Alisimama. Alitembea hadi dirishani na kurudi, na Kalunde aliona mabega yake yakinyooka, kama nguo iliyotundikwa vizuri baada ya kukaa imekunjwa. Alicheka kidogo, peke yake. Akautaja ule mkasi, akataja vifungo, akamuuliza kama navyo vilikuwepo, na kila alipoambiwa ndiyo alitikisa kichwa kwa nguvu kukubali. Kwa muda mfupi ilikuwa furaha tupu, na Kalunde, ajabu yake, alianza kujisikia nafuu.

Kisha Bi Nyanzala akaketi tena, na furaha ikamtoka usoni.

"Mihayo naye alikuwa na taa?"

"Alikuwa nayo."

"Na yuko kule."

"Yuko."

Bi Nyanzala alisogeza sahani yake pembeni. Alisema kwamba mara nyingi usiku alikuwa akilala akijifundisha majina ya wajukuu, mmoja mmoja, kwa kuogopa kwamba ndio watakaofuata kutoweka. Alisema alikuwa amekwisha kuamua nguo atakayovaa siku ya kupelekwa, ili binti yake asiaibike mbele ya majirani. Alilisema hilo bila kupandisha sauti, na Kalunde aliona bora angepigwa.

"Mimi umeniambia jikoni, mlango umefungwa," alisema. "Hao wengine nani atawaambia?"

Kalunde alieleza habari za maji. Hakuwa anajitetea, au alidhani hajitetei. Alisema kuhusu ghorofa za juu na watoto. Bi Nyanzala alisikiliza mpaka mwisho, akasema maji ni jambo kubwa, yeye mwenyewe amewahi kupandisha ndoo ngazi kwa ngazi, hahitaji kusimuliwa.

"Mngetuomba," alisema. "Kawa ningekupa. Ningelia, halafu ningekupa. Lakini akili yangu hukuniomba."

Hakumfukuza. Aliondoa vyombo, akaviosha, na kwa mara ya kwanza tangu Kalunde awe mtu mzima, hakumwachia hata kikombe cha kukausha.

5

Walikwenda Nyumba ya Utulivu pamoja, kwa sababu Bi Nyanzala alisema hawezi kumwamini Kalunde kwamba peke yake atafika na kuwaambia wazee. Lilikuwa jengo refu la chini, limepakwa chokaa, na baraza pana lililotazama mashamba ya tumbaku yaliyokauka. Wazee waliketi humo asubuhi wakiota jua. Kalunde alikuwa amekwisha kumpigia Edina na kumwambia kila kitu, na Edina alikuwa amekata simu bila kuaga. Sasa alimkuta amefika kabla yao, amesimama ukutani na mikono kifuani. Hakumsalimu.

Kalunde alisimama mbele ya wale wazee akawaamkia. Alijitaja jina na kazi. Aliwaambia kwamba yeye ndiye aliyetengeneza njia ya kuchukua vitu vyao bila wao kujua, na kwamba walipouliza, yeye ndiye aliyewatungia jibu. Hakusema kwa nini. Alikuwa ameandaa maelezo ya maji na ya mwanamke wa ngazini, lakini alipowaona wamekaa vile, wengine wamefungwa majina yao mkononi kama watoto wachanga, maelezo yalimkwama, akaona ni heri yabaki yalipokwama.

Ilichukua muda kueleweka. Mzee Mihayo ndiye aliyesimama wa kwanza. Alikuja karibu, akatazama uso wake, akasema anamkumbuka: ndiye aliyemshikia mlango wa gari.

"Ndiye mimi, mzee."

"Taa yangu."

Kalunde aligusa kibamba, na taa ya chemli ikasimama hewani katikati ya baraza, kioo chake kimeungua upande mmoja, mpini umefungwa waya. Mzee Mihayo aliizunguka. Alisema waya ule aliufunga mwenyewe, kituoni, behewa likiwa limekwama kwenye mvua. Halafu alikaa chini sakafuni, akaufunika uso, na mabega yakatikisika, na Kalunde hakujua kama analia au anacheka, wala hakuwa na haki ya kumuuliza.

Baada ya hapo walikuja wote. Mmoja aliulizia kinu, akakiona. Mwingine aliulizia gauni la solo la rangi ya kijani, akaliona, akawaita wenzake waone lilivyokatwa, na Bi Nyanzala akainama kuutazama mshono, akasema ni wa kwake. Mtu mmoja aliulizia beseni lenye jogoo na kulitukana kwa furaha. Kila mara Kalunde alisema maneno yale yale, ulikuwa nacho, na kila mara mtu alirudi kwenye kiti chake akitembea tofauti na alivyokuja. Kibamba kilikuwa kikimwonyesha kwamba idara inamtafuta. Jina la Salamba liliwaka na kuzimika. Alijua hatarudi kwenye meza yake, na alijua kwamba kufikia jioni kuta zitaanza kung'olewa vipokezi, na kwamba mtu fulani wa ghorofa za juu atafungua bomba na kupata hewa. Hilo nalo lilikuwa lake. Hakuna ambaye angemsaidia kulibeba.

Kisha akaja Bi Kashindye. Alikuwa mdogo wa umbo, mzee kuliko wote, amejitanda kanga ya hospitali, na alingoja kwa adabu mwenzake amalize. Aliomba aonyeshwe kigoda cha buluu. Cha mwanawe. Mumewe alikichonga, yeye akakipaka rangi, na mtoto alikikalia jikoni akisubiri ugali uive.

Kalunde aliitafuta nyumba yake. Vivuli vilikuwepo: ungo, mtungi, kitanda cha kamba, kitabu cha dini, mwamvuli. Kigoda hakikuwemo. Alitafuta kwa jina jingine. Alitafuta katika nyumba aliyokaa kabla ya hiyo, na kabla ya hiyo. Alirudi mwanzo akapitia kivuli kimoja kimoja, polepole.

Angeweza kusema ndiyo. Edina asingejua, wazee wasingejua, na Bi Kashindye angerudi kitini akitembea kama wenzake. Angeweza hata kuchukua kigoda cha mtu mwingine na kukipaka buluu. Ilikuwa kazi ya kugusa mara moja. Ingekuwa huruma. Kalunde aliitambua huruma hiyo, aliitambua sura yake na sauti yake, na aliona haya hadi kwenye nyayo kwamba hata hapa, hata leo, ndiyo iliyomjia kwanza.

"Hakikuwepo, bibi," alisema.

"Labda hukutazama vizuri."

"Nimetazama. Ungo ulikuwa nao, na mtungi. Hivyo tulivichukua. Kigoda hakikuwepo."

Bi Kashindye alimtazama kwa macho yaliyofifia. Hakukasirika. Alionekana akifikiria, kama mtu anayetafuta mlango gizani kwa kupapasa.

"Na mwanangu?" aliuliza. "Yeye alikuwepo?"

Vivuli vilikuwa vya vitu, si vya watu. Kalunde aligeuka kumtafuta mama yake, kama alivyokuwa akimtafuta utotoni alipovunja kitu, lakini Bi Nyanzala hakuwa anamwangalia. Alikuwa amekwisha kuinuka. Alivuta kiti chake juu ya sakafu hadi kilipogusana na cha Bi Kashindye, akamshika mkono na kumketisha, akaketi naye.

"Alikuwa anaitwa nani?" aliuliza.

"Mayunga."

"Tusimulie habari zake."

Bi Kashindye alianza, akasita, akaanza tena. Mzee Mihayo alisogea kutoka pale sakafuni ili asikie. Kalunde alibaki amesimama na kibamba mkononi, karibu nao na nje yao, mpaka mzee mwingine alipomgusa kiwiko na kumuuliza, kwa sauti ya chini ili asiwakatize wenzake, kama yeye kweli aliwahi kuwa na pasi.